Aliyenitangulia Kuuliza

Tangu nirudi Morogoro, kila ninayekutana naye ananiuliza Mombasa kulikuwaje. Kila nikianza kueleza, chai inafurika jikoni au mgeni mwingine anabisha hodi, na hadithi inakatika palepale penye yule mwanamke wa Kisauni. Aliyesikia nusu anakwenda kuisimulia, na nusu hiyo ikinirudia imeshaota pembe. Juzi nimeambiwa kwamba niliongea na maiti. Sikuongea na maiti. Basi nimekaa niandike yote mara moja, asomaye asome, na mkinikuta sokoni mniulize bei ya nyanya.

Mambo ya vibali na tiketi nayaruka, hayana utamu. Mnajua tu kwamba profesa wetu alinituma kwenda kukaa na watu wa kipato kidogo katika vitongoji vya bara vya Mombasa, Likoni, Changamwe na Kisauni, niwasikilize wanaishije. Maji wanatoa wapi. Wanapikia nini. Siku isiyokuwa na kitu inapitaje. Haikuwa kazi ya kuweka alama ya vema kwenye visanduku. Ni kazi ya kukalia kigoda cha watu, kuuliza, kisha kunyamaza mpaka mwenyewe aseme. Maswali tuliyashika kichwani kwa mpangilio wake, kwa sababu profesa hakutaka tumtazame mtu kupitia karatasi. Kumbukeni hapo kwenye mpangilio, kwa maana ndipo nilipoanza kuogopa.

Tanga mpaka Likoni

Basi letu lilivuka mpaka pale Horohoro vizuri, tukapita Lunga Lunga, na hatukwenda mbali likakohoa likafa. Dereva akaingia chini ya gari na miguu yake ndiyo tuliyoitazama mchana wote. Tulikaa chini ya mikorosho. Jirani yangu alikuwa mwanamke wa Vanga aliyebeba papa mkavu ndani ya pakacha, na harufu ya papa yule ilitutangulia kila tulikohamia kufuata kivuli.

Upepo ulipoanza kupeperusha vumbi akaniambia, "Jifunge leso, dada, utaumwa na kichwa."

Nikatoa kitambaa changu cha kufutia jasho, nikakibandika utosini, nikakishika kwa mkono kisiruke. Watu walicheka mpaka dereva akachungulia kutoka uvunguni. Kumbe kwao leso ni kanga. Yule mama akanitolea kanga yake mwenyewe akanifunga, kisha akanimegea papa na muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu. Sijala kitu kitamu kama kile safari nzima.

"Unakwenda kufanya nini Likoni?" akaniuliza.

"Kuuliza watu habari za maisha yao."

Akatafuna kidogo. "Na wao watakubali?"

"Wengine."

"Mimi nisingekubali," akasema, akaniongezea muhogo. Kisha akanisimulia maisha yake yote mpaka gari likawaka.

Tuliingia Likoni jua limeshuka. Nikalala nyumba ya wageni karibu na njia ya Shelly Beach, mchovu kiasi kwamba sikuvua hata kanga ya watu, maana yule mama alikataa kuichukua.

Likoni

Asubuhi nilianza na nyumba ya Bi Mwanakombo. Ni bibi wa watu wa zamani wa upande ule, wenye minazi yao na mashamba ya muhogo tangu enzi za babu zao, ila sasa shamba limebaki ua, na vyumba vya uani anapangisha. Nilibisha hodi, nikasikia sauti kutoka barazani, "Ndoo, mwanangu, ndoo!"

Nikatazama huku na huku, nikaona ndoo kando ya kisima. Nikaichukua, nikampelekea.

Bi Mwanakombo akaitazama ndoo, akanitazama mimi. "Ndoo, nakwambia!"

"Abee, bibi. Ndiyo hii."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Katika Kiswahili cha kwao, ndoo ni njoo. Alikuwa ananikaribisha na mimi nimesimama nimekumbatia plastiki. Nikacheka naye, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa. Ndipo kicheko kikamkauka usoni.

"Mbona jana ulifahamu?" akauliza.

"Jana lini, bibi?"

"Jana. Nilikwambia ndoo ukaja, ukakaa papo hapo ulipokaa. Ukaniuliza maji twateka wapi."

Nikamweleza kwamba jana nilikuwa chini ya mikorosho Lunga Lunga, na tangu nizaliwe sijakanyaga ua wake. Akatikisa kichwa taratibu. Akayataja maswali yangu. Maji, kisha kuni, kisha chakula cha asubuhi, kisha siku isiyo na kitu. Kwa mpangilio. Maswali yale nilikuwa bado sijamuuliza mtu yeyote nchi ile.

"Na ukaniuliza na lile la mwisho," akasema. "Kama kuna mtu alolala nyumba hini, kisha akaondoka asiage."

"Hilo silo swali langu, bibi."

"Wallahi uliniuliza. Nikakwambia habari ya Saidi."

Akanyanyuka, akanipeleka uani kwenye chumba chenye kufuli. Saidi alikuwa mpangaji wake, mpishi msaidizi katika hoteli moja ya pwani pale. Asubuhi moja aliinjika uji, akatoka kama anakwenda kununua sukari. Uji uliungua. Bi Mwanakombo aliuepua mwenyewe, akafunga mlango, na mpaka leo anapita pale akisema hodi kwanza. Nilichungulia dirishani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Tuliporudi barazani aliushika mkono wangu, akausogeza karibu na macho yake yenye ukungu, akautazama sana. "Yule hakuwa na pete," akasema. "Weye una pete." Halafu, ingawa ilikuwa asubuhi jua linawaka, akanivuta ndani na kufunga mlango wa nje kwa komeo. "Basi alikuwa nani?"

Katika nyumba zote za mtaa ule nilizoingia baada ya hapo nilikuta hali hiyohiyo. Wengine walinikaribisha kama mtu aliyesahau kitu chake. Wengine waliniambia kwa upole, "Tulishakwambia, dada." Mama mmoja alimwita mumewe aje anione, na mume akanizunguka nyuma kutazama kisigino changu, akaona kinagusa ardhi, kwamba si jini, akashusha pumzi.

Kuvuka mpaka Changamwe

Kivukoni tulisimamishwa muda mrefu kwa sababu meli kubwa ilikuwa inaingia bandarini. Ilipita mbele yetu polepole kama nyumba ya ghorofa inayohama, na hakuna mtu hata mmoja aliyeonekana juu yake. Muuza kahawa kando yangu alisema hivyo pia. "Zote ziko hivyo. Humwoni mtu." Nilikunywa kahawa yake na kashata nikajiambia kwamba Likoni ni Likoni, Changamwe nitaanza upya.

Changamwe ni vyumba vya mabati nyuma ya maghala, watu wa bara wengi, na hewa yenye ladha ya mafuta ya taa. Mbali kidogo, juu ya bomba refu la kiwanda cha mafuta, ndimi za moto zilikuwa zinacheza mchana kweupe, na hakuna aliyezitazama isipokuwa mimi. Ulikuwa wakati ule wa joto la vyama vingi, na mtu akikuona na mkoba anaanza kukuuliza wewe ni wa chama gani. Kijana mmoja aliniambia kabla sijafungua mdomo kwamba wao hapo fulana walishapewa, nilete unga.

Aliyenipokea ni Atieno, mwanamke wa Kisumu anayekaanga samaki mbele ya ploti yao, kama wanavyouita ua wa vyumba vya kupanga. Nilimwambia jina langu, Zaituni, na kazi yangu. Akageuza samaki kwenye karai.

"Uko na pacha?" akauliza.

Nikamsogelea. "Alikuja hapa?"

"Si alikuja. Juzi. Alikaa hapo kwa mtungi mpaka samaki zikaisha. Huyo anaongea pole pole. Wewe uko na haraka."

"Anafanana na mimi?"

Atieno akanitazama vizuri, kama anayechagua samaki. "Hapana," akasema. "Lakini ni wewe tu. Mnakaa vile vile, mnauliza, halafu mnanyamaza hivyo hivyo mpaka mtu anasema vitu hakutaka."

Nikamuuliza mambo yangu ya maji na kuni, akanijibu kwa mkato kama anayerudia somo. Kisha akaweka mwiko chini. "Haya, uliza ile ingine."

Sikutaka kuliuliza. Lakini Atieno alikuwa ananingoja, na wapangaji wengine walikuwa wametoka vyumbani wakasimama karibu. Nikauliza kama pale ploti kuna mtu aliyewahi kulala akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo watu waliponijibu. Atieno alionyesha mlango wa pili, alikolala Wafula, kuli wa bandarini, koti lake bado limening'inia msumarini na hakuna anayethubutu kulivaa. Mzee mmoja akaonyesha mlango wa kona. Msichana aliyebeba mtoto akaonyesha wa mkabala. "Na ule." "Na ule pia, yule wa redio." Wote walikuwa wamegeuka wakinyoosha vidole kila upande, na sauti zao zimeshuka, kana kwamba wenye vyumba wako ndani wamelala. Mtu anakuja mjini, analala pembeni yako mwaka mzima, unajua anavyokohoa, kisha siku moja kikohozi hakipo. Humjui kwao ni wapi. Hata jina alilokupa hujui kama ni lake.

Nilikaa Changamwe siku kadhaa, na kila nilipopita nilianza kuviona vyumba vile vya watu walioondoka kabla sijaviona vya waliopo. Atieno alinifungia samaki kwenye gazeti siku ninaondoka. "Ukimpata huyo mwenzako," akasema, "mwambie Wafula hajarudi."

Kisauni, upande wa Frere Town

Nilivuka kisiwa, nikapita daraja la Nyali, nikaingia Kisauni mkono wa Frere Town. Mtaa wenyewe ni mtulivu, nyumba za zamani za watu wa misheni zimechanganyika na za udongo, miti mikubwa, njia za mchanga. Nilielekezwa nyumba ya mama mmoja anayeitwa Kache, anayeuza mbaazi na mahamri asubuhi. Nilifika mlangoni, nikainua mkono kubisha, na mkono ukabaki hewani.

Ndani mtu alikuwa anauliza, "Na maji mnatoa wapi?"

Jibu likaja. Kimya kidogo. "Na kuni?"

Nimefanya kazi hii miaka, lakini sijawahi kusimama nje ya nyumba nikajisikia niko ndani. Kila aliponyamaza, mimi pale nje nililijua neno linalofuata, na lilikuja lilelile. Chakula cha asubuhi. Siku isiyo na kitu. Miguu ilitaka kukimbia. Kisha ile sauti ya polepole ikauliza, "Dada, hapa kuna mtu aliyewahi kulala, akaondoka asiage?"

Nikabisha hodi.

Aliyekuwa kwenye kigoda alikuwa mwanamke wa makamo, Mgiriama, mwembamba, leso kifuani na nyingine kichwani, kikapu cha ukindu magotini. Hakuwa na kalamu wala kitu. Alinitazama, akautazama mkoba wangu, akaelewa kabla yangu.

"Basi ndiye wewe," akasema. "Kila ninakokwenda mara ya pili naambiwa nimebadilika sura."

Kache alituwekea mbaazi za nazi na mahamri, na tulikula wote watatu kabla ya mtu kusema la maana. Jina lake lilikuwa Sidi, ila aliitwa Mama Charo kwa jina la mwanawe. Kwao ni huko ndani nyuma ya Kaloleni. Charo kwa Kigiriama ni safari, alizaliwa njiani mama akitoka kuteka maji, ndiyo sababu ya jina. Mwana huyo alikuja Mombasa kutafuta kibarua, akatuma salamu mara moja kupitia mtu, kisha basi.

"Nilipoanza kumtafuta," alisema, "niliuliza kama mama. Mnamjua Charo? Milango ilifungwa. Watu wanaona nimeleta balaa, pengine mtoto ameiba, pengine amekufa, hawataki kuwemo. Nikarudi nyumbani. Sasa, walikuwa wamekuja kwetu watu kama wewe na mikoba yao. Walinikalisha asubuhi nzima. Maji unatoa wapi, mama? Kuni? Mwenzangu, niliwaambia mambo ambayo hata marehemu mume wangu sikumwambia. Walipoondoka nikafikiri, kumbe mlango unafunguka hivi."

Nilijua ni akina nani. Profesa alikuwa ametuma kundi lingine kwenye vijiji vya ndani kabla yangu, na maswali hayohayo.

"Nikayashika," akasema Mama Charo. "Nauliza hayo yenu kwanza. Halafu nauliza langu."

Kache alikuwa ameacha kula. Akasema, "Shemeji yangu anakata mawe Mwakirunge. Huko timboni kuna kijana waliyekuwa naye. Hawasemi sana habari zake. Mrefu au mfupi sijui, lakini alikuwa peke yake, na hakuna aliyekuja kumuulizia."

Mama Charo alinawa mikono, akajifunga leso vizuri. Hakuniuliza kama nitakwenda naye. Alisema tu, "Mwenzangu, ni huku," kama vile tumefanya kazi pamoja maisha yetu yote.

Mwakirunge

Tulipewa nafasi katika lori linalokwenda kuchukua mawe. Likatushusha njia panda likaenda upande mwingine, tukatembea. Mwakirunge ni mbali na mji kuliko ramani inavyosema. Kwanza kuna moshi wa jalala, kunguru na watu walioinama juu ya takataka, wamejifunga vitambaa puani. Halafu minazi michache. Halafu ardhi inakatika mbele yako, na chini kuna shimo jeupe lililochongwa kwa pembe kali kama vyumba vya nyumba isiyo na paa. Hilo ndilo timbo, machimbo ya mawe ya kujengea. Weupe wake juani unaumiza macho.

Tulifika katikati ya mchana. Wakataji walikuwa wamelala chini ya kibanda cha makuti, miili yao imejaa vumbi mpaka kwenye kope. Msimamizi wao alikuwa Mkamba anayeitwa Musyoka, mtu mnene wa sauti ndogo. Mama Charo alikaa, akapewa maji, akaanza. Maji mnatoa wapi? Musyoka akajibu. Kuni? Akajibu. Alipofika kwenye swali la mwisho, wale waliolala waliamka mmoja mmoja bila kuambiwa.

"Hakuondoka," Musyoka akasema. "Yuko."

Akaonyesha kona ya mbali ya timbo, ambako ukuta ulikuwa umeshuka na kufanya lundo kubwa. Kijana alifika siku ya Ijumaa akiomba kazi, na alipoulizwa jina akasema wamwite Ijumaa. Wakamwita hivyo. Alikuwa mkimya, mchapakazi, hakusema kwao wala dini yake. Wenzake walipopumzika mchana yeye alizoea kubaki anagonga peke yake ili atimize mawe yake mapema. Mchana mmoja ukuta ukashuka. Walichimba kwa sururu mpaka ukaanza kushuka tena, na mwenye timbo akawaambia waache.

"Hatukujua hata tumsomee nini," Musyoka alisema. "Na jiwe zuri lote liko upande ule. Huku tulipo ni mabovu, yanavunjika, tunalala njaa. Lakini hakuna anayekubali kuingia kule." Akasita. "Mama, ngoja kidogo utasikia mwenyewe."

Hakuna upepo uliokuwa ukivuma. Hata kunguru wa jalala walinyamaza.

Ko.

Nikafikiri ni mtu. Ko, ko. Nyundo juu ya tindo, kwa mbali, kutoka upande wa lundo. Kisha kimya, muda wa mtu kupangusa jasho. Ko.

"Tazama," Musyoka akaninong'oneza. "Sote tuko hapa."

Niliwatazama. Walikuwa wote pale, mikono yao imelegea magotini. Nikasema, labda ni mwangwi wa timbo jingine. Akasema timbo jingine la karibu limefungwa. Nikasema, labda ni jiwe linapasuka kwa jua.

"Jiwe halipumziki," akasema Musyoka.

Niandike nini zaidi? Nilisikia. Msiniulize ilikuwa nini.

Mmoja wa wakataji alileta vitu vya Ijumaa, vilivyowekwa juu ya dari la kibanda. Shati la kijivu na jozi ya viatu vya ngozi vilivyochakaa, alivyovua asubuhi ile kabla ya kushuka. Mama Charo alilitandaza shati magotini, akalinusa. Akachukua kiatu kimoja, akaingiza mkono mpaka ndani kabisa kwenye vidole, akaukalisha humo.

"Ndiye?" Musyoka akauliza. Wote waliinama mbele. Sijawahi kuona watu wakitaka neno moja namna ile.

Mama Charo akainuka, akajifunga leso kiunoni, akatoka juani. Nikamfuata, kwa kuwa niliona aibu kubaki kivulini. Tulishuka mpaka karibu na lundo. Nyundo haikukoma.

"Charo!" aliita.

Ko. Ko.

"Charo, ni mama."

Ko.

Alisimama pale, kiatu kimoja bado mkononi mwake. Halafu alipiga magoti kwenye vumbi jeupe, akauweka ule mkono mwingine juu ya jiwe, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ambayo kila mtu aliitwa nayo aingie ndani alipokuwa mdogo.

"Mwanangu," akasema. "Kazi imeisha. Weka nyundo chini."

Tulingoja. Jua lilikuwa utosini. Nilisikia mmoja wa wale wanaume nyuma yetu akimeza mate. Hakukuwa na mlio mwingine tena.

Mama Charo akalia, kilio kirefu cha msiba, na wakataji wakashuka wote timboni wakamzunguka. Waislamu waliinua mikono wakasoma Fatiha, Wakristo wakasema Baba Yetu, kwa wakati mmoja, sauti zikipanda juu ya sauti, hakuna aliyemngoja mwenziwe. Kisha wakapika sima na maharage wakatulisha kama wafiwa. Musyoka hakula. Alikaa kando anafuta macho na kusema, "Sasa ana mama yake. Sasa ana mama yake." Alimkabidhi Mama Charo shati na viatu kwa mikono miwili. Tulipokuwa tunapanda kuondoka niligeuka nikaona wawili wao wamebeba sururu, wanatembea taratibu kuelekea upande wa jiwe zuri.

Kurudi kupitia Bamburi

Tulitembea muda mrefu. Nilimshika mkono, nikampa pole, nikatafuta ya kumwambia mama aliyefiwa. Tulipopita moshi wa jalala akasimama kutema mate, na akasema, bila kunitazama:

"Si yeye."

Sikuelewa.

"Charo wangu ana mguu mkubwa. Kabla hajawa mtu mzima alikuwa anavaa makubadhi ya baba yake. Hivi ni viatu vya mtu mdogo. Nilipoingiza mkono nikajua."

"Ulijua kabla ya kushuka?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulimwita Charo?"

"Mkono unaweza kukosea," akasema. "Nilitaka ukosee. Kisha sikutaka, maana ingekuwa Charo amekufa."

Nikamuuliza kama turudi tukawaambie wale watu. Nilifikiria wale wawili na sururu zao. Mama Charo akanitazama kama nimemuuliza maji anatoa wapi.

"Tuwaambie nini? Alikuwa anangoja kuitwa na hakuna aliyemwita. Nimemwita. Ametulia. Ungekuwa wewe ungemwacha agonge?"

Tulifika barabara kuu Bamburi jua limelegea. Mimi nilikuwa narudi mjini, kisha Tanga, kisha huku kwetu. Yeye alikuwa anakwenda Mtwapa, alisikia huko nako kuna vibarua. Nilimwambia aje nami kwanza apumzike, akakataa. Alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, akatoa vile viatu kikapuni, akavikung'uta vumbi jeupe kimoja kimoja, akavifuta kwa pindo la leso, akavirudisha vimelala sambamba.

"Nilitoka nyumbani namtafuta mtu mmoja," akasema. "Sasa ni wawili. Mwanangu, na mama wa huyu."

Akaniaga kwa mkono, akavuka barabara.